Msomaji wa Kitisuru

Mwanangu Wekesa,

Sweta ziko chini ya begi, na mahali pa kushukia Kitale mjomba wako Simiyu atakueleza mwenyewe, kwa hiyo hayo tuyaache. Sitakuambia ule vizuri, wala usali, wala usilale na mlango wazi. Una miaka ishirini na tatu. Kama hujajua kufunga mlango, barua haitakufundisha.

Nataka tuzungumze juu ya blogu yako. Najua umeifunga. Ulinitangazia mwenyewe mezani, Jumapili ile, ukichambua mfupa wa kuku bila kuniangalia: "Mathe, niliachana na hizo vitu. Nilikuwa najidanganya tu." Nami nikakujibu, "Afadhali," nikakuongezea ugali. Hilo neno afadhali ndilo linalonifanya niandike badala ya kukaa nawe tukaongea kama watu. Mdomo wangu naujua. Ukikaribia jambo la kweli, hugeuka ukauma.

Naandika hapa kazini, Jumamosi mchana. Jacinta amekwenda nyumbani, mashine zimezimwa, na kile kibao cha "Tunachapa Wasifu wa Marehemu na Kadi za Harusi" nimekigeuza kielekee ukutani ili mtu asinigongee. Natumia kalamu. Kompyuta ina kitufe cha kufuta, nami nikikipata nitafuta mpaka libaki jina lako peke yake.

Nianze na lililo rahisi kwangu kusema. Ulikuwa unaandika vibaya, Wekesa. Si vibaya kidogo. Vibaya kama mtu anayevaa suti juu ya pajama akidhani hatuoni.

Aliyenionyesha blogu ni Jacinta. Siku hiyo hatukuwa na mteja. Nilimsikia akicheka kwenye mashine yake hadi anapiga meza. "Mama Weke, kuja uone. Kuna jamaa ameandika stori ya ofisi kama hii yetu kabisa, walai nitakufa!" Hakujua ni wewe, maana ulijiita Mtoto wa Riruta, kwa mtaa wetu. Mimi nilijua kabla sijamaliza mstari wa pili. Kichwa kilikuwa MAMA MAREHEMU, herufi kubwa zote, tena ulikuwa umekifanya kiwake na kuzima kama taa ya baa. Chini yake ulianza hivi: "Sasa wasomaji wangu, niaje, samahani nimepotea sana, nilikuwa na mambo mob, lakini leo nimewaletea moja kali." Aya nzima ya kuomba radhi kwa watu ambao hawakujua kama ulikuwa umepotea. Halafu aya ya pili ukawaahidi kwamba watacheka. Halafu ndipo ukaanza kunianika mimi.

Ilikuwa ni ile habari ya wake wawili. Uliisikia ukiwa bado shuleni, siku nilipokuwa nikimsimulia jirani yetu, Mama Otieno, kwenye kamba ya nguo, nikicheka. Ukaichukua na kicheko chake. Mama yako anaandika wasifu za watu waliokufa, siku moja akachanganya faili, mzee wa kanisa akazikwa akiwa na wake wawili, ha ha ha. Nilihesabu alama kumi na moja za mshangao. Watu thelathini na mbili walikuwa wamekuandikia chini kwamba wamevunjika mbavu. Mmoja aliuliza, "Huyo Mama Marehemu bado ako kazi?"

Nilisoma yote nikiwa nimesimama, mkono kwenye kiti cha Jacinta. Nikamwambia, "Huyo kijana hana kazi," nikarudi kwenye meza yangu. Mambo mawili yaliniuma, kwamba umenicheka mbele za watu, na kwamba umenicheka vibaya. Nitakuwa mkweli hata kama nitaonekana kichaa. Hilo la pili ndilo lililoniondolea hamu ya chakula.

Kwa sababu ile habari mimi naijua ilivyokuwa, na wewe hukuijua, na hukuuliza. Ulikaa nami nyumba moja, vyumba viwili, ukuta wa mabati kati yetu, na hukuuliza.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Katika kazi yetu hakuna anayeanza wasifu kwenye ukurasa mtupu. Unafungua wa marehemu wa jana, unaondoa jina lake, unaweka jina la marehemu wa leo. Maneno ya katikati yanabaki, kwa maana wafu wote wa Nairobi ni mcheshi, mchapakazi na mcha Mungu. Siku ile nilifungua wasifu wa mzee mmoja wa Kakamega aliyekuwa na wake wawili kweli, wote wakijulikana, wote wakaja wakakaa kiti kimoja. Juu yake nikaandika Mzee Daudi, fundi seremala wa Mountain View na mzee wa kanisa. Nikabadilisha jina, kijiji, watoto. Simu ikalia. Nilipomaliza simu nikabonyeza kuchapa. Nakala mia tatu, karatasi ya kung'aa, picha mbele.

Aliyesimama kusoma kanisani alikuwa binti yake wa mwisho, Ruth. Hakuna msichana wa miaka kumi na minane anayepitia karatasi mapema siku ya kumzika baba yake. Alisoma kwenye kipaza sauti mpaka akafika: "Marehemu ameacha wake wawili." Hakuna aliyecheka, Wekesa. Hapo ndipo ulipowadanganya wasomaji wako. Mjane alikuwa kiti cha mbele, amevaa kitambaa cheusi. Akageuka nyuma, polepole, akaangalia viti vyote, akitafuta huyo mwenzake ameketi wapi.

Mimi sikuwapo. Alinisimulia mwenyewe, wiki moja baadaye, alipopanda ngazi hizi za ofisi akakaa kwenye kile kiti chenye mguu mfupi. Hakuja kupiga kelele. Aliuliza swali moja. "Nani alikuambia?" Nikamwambia ni kosa la mashine. Akasema, "Mashine inakosea herufi, mama. Haikosei mke."

Hapo ndipo nilipaswa kufungua faili na kumwonyesha. Ingechukua dakika moja. Lakini bosi alikuwa ndani, mlango wazi, na nilikuwa na wewe kidato cha tatu. Nikamwambia, "Mimi huchapa tu kile familia imeleta. Karatasi aliyeleta ni shemeji yako." Ni kweli karatasi aliileta shemeji yake, jamaa mpole anaitwa Joeli. Ila karatasi yake haikuwa na mke wa pili. Mjane akasema asante. Akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Nami nilipofika nyumbani nikamsimulia Mama Otieno sehemu ile ya kuchekesha tu, na wewe ukasikia.

Kwa hiyo ulipoandika kicheko bila yule mwanamke anayegeuka, uliniandika mimi. Ulifanya kama nilivyofanya, tena bila hata kujua unafanya nini. Ndiyo maana nilikasirika hivyo.

Kesho yake baada ya Jacinta kunionyesha blogu, saa ya chakula cha mchana, sikula. Nilivuka barabara mbili nikaingia kwenye saiba nyingine, duka la intaneti ambako hawanijui, nikatafuta blogu yako nikaandika. Mashine ikataka jina. Nilikitazama kile kisanduku. Ningeandika Mama Weke ungelifuta. Ningeandika Riruta ungeniuliza mimi ni nani nikuambie kitu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimechapa kadi za harusi ya watu wa Kitisuru, wenye bustani na geti linalojifungua lenyewe, na jina likanijia mkononi. Nikaandika: Msomaji, Kitisuru. Nilijua hutabishana na Kitisuru. Nilikulea mimi, naijua hofu yako.

Unayakumbuka maneno yenyewe, bila shaka. "Kijana, umetumia alama kumi na moja za mshangao na sijashangaa hata mara moja. Anayecheka kabla ya wageni, wageni humwachia acheke mwenyewe. Futa aya ya kwanza. Futa na ya pili. Na ukimaliza, nenda ukamuulize mama yako ilivyokuwa."

Ulinijibu siku hiyo hiyo. "Niaje auntie wa Kitisuru, si uende tu utembeze madogi zako. Hii si shule." Sikuwa nimesema kama ni mwanamke, ulilijua kwa ukali wangu. Nilicheka peke yangu pale saiba, mimi ambaye mbwa ninayemjua ni yule wa landilodi anayekukojolea viatu. Lakini wiki iliyofuata ulipoandika kuhusu fundi viatu wa hapo stendi ya Riruta, aya ya kuomba radhi haikuwapo. Ulianza moja kwa moja na mkono wake ukiwa ndani ya kiatu. Nilifurahi. Nikakupiga tena ili nione utafika wapi.

Kuanzia hapo, kila siku ya kazi, saa ya chakula, nilikuwa Kitisuru. Na usidhani nilikuwa mwalimu mwema. Nilikuwa mkali kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa ilinipendeza. Nyumbani ulikuwa ukinipita kama kabati. Kule uliningoja. Ulipochukua vichekesho ambavyo watu wote walikuwa wameshatumiana kwenye barua pepe ukavipa jina lako, nilikuandikia kwamba hata mwizi wa kuku hubadilisha manyoya. Ulipoweka kile kihesabu cha wageni chini ya ukurasa ukajisifu kwamba umefika elfu moja, nilikuambia mia nane kati ya hao ni wewe mwenyewe ukifungua kuangalia. Nililijuaje hilo? Kwa sababu Jacinta aliwahi kukuona saiba ukibonyeza, akaniambia, "Weke ako na shida gani na hiyo mashine?"

Ulipoanza kuandika kila siku hata kama huna la kusema, nilikuandikia neno moja tu: "Na?" Nasikia hilo lilikuuma kuliko yote. Na ulipoandika "kitu yangu" na "hiyo watu" katika usimulizi wako mwenyewe, nilikuchana, ukajibu kwamba ndivyo watu wanavyosema Nairobi. Ulikuwa na haki nusu. Fundi viatu akisema "hii kiatu yako imekufa, boss," mwache aseme, ukimsahihisha umemuua yeye pamoja na kiatu. Lakini wewe uliyesimama kando ukimsimulia, nataka nijue kwamba umechagua. Hukuwa unachagua. Ulikuwa mvivu. Baadaye ukaanza kuchagua, nami nikaona, na sikukusifu.

Kusifu sijui, Wekesa. Kazi yangu ni kusifu wafu, nikifika nyumbani sifa zimeisha.

Unakumbuka wasifu wa baba yako? Pengine hukumbuki, ulikuwa na miaka kumi na miwili. Niliuandika mimi, kwenye mashine hii hii. Nikafungua wa mtu mwingine, nikaondoa jina lake. Mcheshi, mchapakazi, mcha Mungu. Ulisimama pale kaburini na karatasi yako, ukaisoma mpaka mwisho, ukanivuta sketi. "Mama, huyu ni nani?" Nikakuambia nyamaza. Baba yako hakuwa mcheshi. Katika miaka yote ile sikumsikia akisema kichekesho hata kimoja. Alikuwa mtu ambaye hamalizi chai. Kila kikombe alibakisha kiasi cha kidole, kila siku, na mimi nilimwaga, kila siku, nikilalamika, na sikumuuliza kwa nini mpaka hakuna wa kuulizwa. Hilo ndilo lingepaswa kusomwa. Wewe ulilijua hilo ukiwa na kaptura, na mimi nikakunyamazisha. Kwa hiyo ulipokuja kuandika na maneno makubwa matupu, ulikuwa umejifunzia kwangu.

Halafu ukaanza kumleta nyumbani yule mama wa Kitisuru. Tulikuwa tunakula githeri. Ukasema, "Mathe, kuna mama flani wa Kitisuru hunisoma. Ananichapa vibaya, lakini ako sawa. Huyo amesoma, unaona tu vile anaongea."

Nikakuuliza, "Anaongeaje?"

"Hawezi kubembeleza. Anakuambia tu ukweli."

"Na mimi?"

Ukacheka, bila ubaya. "Ai, Mathe. Wewe ni mambo ya kuprinti. Wewe hata huwezi soma hizi vitu."

Ningeweza kukuambia pale pale, kijiko mkononi. Sikukuambia. Nilikuuliza, "Ana umri gani huyo mama?" Ukasema unadhani ni mtu mzima, mwenye nyumba ya vitabu, anakunywa chai kwenye veranda. Nikakuchochea uendelee. Ulimwelezea mpaka viatu vyake. Nami nilikaa nikamsikiliza mwanangu akimpenda mama mwingine aliye mimi, na usiku ule nililala vizuri sana. Nakuambia hivyo ujue uovu wangu ulipokaa.

Mwezi uliofuata ukaandika ile ya mwisho. Hukuipa kichwa kinachowaka. Uliiita "Mama Ninayemtaka". Uliandika kuhusu mwanamke wa Kitisuru ambaye hujamwona, anayesoma kila neno lako na hakuonei huruma. Kisha ukaandika kuhusu mwanamke wa pili, anayekaa nawe chumba cha pili, anayeandika maisha ya wafu asiowajua, na hajawahi kukuuliza wewe uliye hai unaandika nini. Uliandika mikono yangu. Uliandika jinsi ninavyofuta wino kwenye vidole kwa limau kabla ya kupika. Sikujua kwamba umewahi kuona.

Nilitafuta kosa pale saiba mpaka saa ya chakula ikaisha, nikachelewa kazini, bosi akanifokea. Hapakuwa na kosa. Herufi ilikuwa mahali pake, kicheko kilikuwa mahali pake, na mimi nilikuwa mahali pangu. Sikuandika chochote chini. Wewe ndiye uliyeandika, siku ya pili: "Msomaji wa Kitisuru, naona umenyamaza. Naomba dakika kumi tu za wakati wako. Nitakuletea zote nimeziprinti." Ukataja hoteli ya chai pale mjini, Jumamosi saa tano, shati la bluu.

Nikajibu: "Nitakuja."

Nilitaka kuja, Wekesa. Nilitaka kukaa mbele yako nione uso wako ukijua. Asubuhi ulinipa lile shati la bluu nipige pasi. "Mathe, kola ikae fiti, naonana na mtu wa maana." Nikaipiga pasi ile kola mara tatu. Ulipotoka nikavaa gauni langu la harusi ya Simiyu na viatu vinavyonibana, nikakufuata mjini.

Nilisimama ng'ambo ya barabara, karibu na muuza magazeti. Vioo vya hoteli ile ni vikubwa, nilikuona vizuri. Ulikuwa umekaa wima, faili mezani, chai hujaigusa. Mlango ukafunguka akaingia mama mmoja mwenye mkoba mzuri na miwani. Ukasimama. Ulisimama kwa haraka, ukafunga kifungo cha shati, ukatabasamu. Akapita. Ukakaa. Akaja mwingine, ukasimama tena. Mara nne ulisimama. Mimi hujawahi kunisimamia. Nimeingia katika nyumba ile na mifuko ya unga miaka yote hii na hujainua hata macho.

Wivu una njia zake. Niliuona mguu wangu unashuka barabarani kuvuka, kisha nikauona unarudi. Nikaenda saiba. Wewe ukiwa bado umekaa pale, chai ikipoa, nikaandika maneno ambayo wewe na mimi tunayajua kwa moyo, ila nitayaandika tena ili yawe kwa mwandiko wangu: "Nilikuja. Nikakuona kupitia kioo. Sikuona sababu ya kuingia."

Ulirudi nyumbani saa tisa. Ukalivua shati ukalitupa kwenye beseni la nguo chafu. Jioni ile blogu haikuwapo tena. Baada ya wiki ukampigia Simiyu simu kumwambia kwamba ile kazi ya duka lake la vifaa vya ujenzi utaichukua. Kijana aliyeweza kuandika limau kwenye vidole vya mama yake anakwenda kuuza misumari, kwa sababu mama yake hakusimamiwa.

Sasa umejua. Unaweza kuichana barua hapa, sitakulaumu. Lakini kama umefika, nimalizie.

Juzi Jumanne niliomba ruhusa nikaenda Mountain View kumtafuta yule mjane, mama yake Ruth. Miaka sita imepita. Sikwenda kwa utakatifu. Nilikuwa nimeona nilichoweza kufanya kwa mstari mmoja, nikakumbuka kwamba haikuwa mara yangu ya kwanza. Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Faili. Mzee wa Kakamega. Simu iliyolia. Na kwamba Joeli hakuandika mke wa pili popote.

Aliendelea kuchambua mchele. Akatoa jiwe, akaliweka kando. Akasema, "Joeli alikufa mwaka jana. Sikwenda kumzika."

Nikasema pole, mimi fundi wa maneno ya msiba.

Akasema tena, "Ile ya uongo ilisomewa watu mia tatu, kwa kipaza sauti, mtoto wangu akisoma. Hii ya ukweli unaniletea jikoni? Mimi na wewe na sinia?"

Nikamwambia nina mtoto anayeandika, mahali watu wanasoma. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Anaandika vizuri?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza, Wekesa. Nikamwambia, "Anaandika kuliko mimi." Akasema, "Basi mwambie aandike. Na asiniweke nikilia. Mimi sikulia. Niliangalia tu nyuma."

Ndiyo kazi ninayokupa. Usinihurumie ndani yake. Weka jina langu lote, weka uongo wangu kwenye kile kiti chenye mguu mfupi, weka bosi na mlango wazi, lakini usiniwekee sababu nzuri kuliko nilizokupa. Kitale kuna saiba, nimemuuliza Simiyu. Kama hutaki kunisamehe, andika bila kunisamehe. Pengine itakuwa makala nzuri zaidi, na usinijibu mpaka iwe imesomwa na watu.

Ndani ya begi, chini ya blanketi, kuna bahasha ya kahawia. Kabla hujaifunga blogu nilikuwa nimeshaziprinti zote, moja baada ya nyingine, tangu ile ya kwanza. Ni makala thelathini na nane. Nimezisahihisha kwa kalamu nyekundu, na zile za mwanzo zimekuwa kama sakafu ya bucha, usizisome ndani ya basi. Kadiri unavyoendelea wekundu unapungua. Ile ya mwisho, "Mama Ninayemtaka", ni nyeupe, isipokuwa mahali pamoja. Ulimaliza kwa kusema, "Mama yangu hajawahi kunisoma." Nimekata maneno mawili, nikaweka mengine. Sasa inasomeka: "Mama yangu hunisoma Jumatatu hadi Ijumaa, saa ya chakula cha mchana."

Msomaji,
Riruta